Gita ya sebene: namna ya kuchagua kompresa isiyoharibu usafi wa sauti

Ni kifaa kidogo kinachowekwa chini ya mguu. Kinauzwa dola nyingi, mara nyingi kinatoka mbali, na kikifika hakirudishwi. Wapiga gita wengi wa mashariki mwa Congo wanakitafuta ili sauti yao ikae sawa, lakini kikichaguliwa vibaya kinaondoa hasa kile kinachopendwa katika gita ya Kikongomani: ule mguso ulio wazi, noti kwa noti.

Katika makanisa, mabaa na kumbi za sherehe za Goma, Bukavu, Butembo, Bunia au Lubumbashi, shida ni ileile. Wimbo ukianza polepole, gita ya solo inazama chini ya sauti za waimbaji. Sebene ikiingia, gita ileile inapasua masikio, na fundi wa sauti anakimbilia mikseri kuishusha. Wimbo ukitulia tena, gita haisikiki tena. Hapo ndipo mtu humwambia mpiga gita: « Nunua kompresa. »

Shauri hilo si baya, lakini halitoshi. Sokoni kuna kompresa za aina nyingi, na tofauti kati yao si jina wala rangi ya sanduku. Kwa mtu anayepiga gita safi, yaani isiyo na mkwaruzo, mambo mawili ndiyo yanaamua: kifaa kinaachaje noti igonge, na kinaongeza kelele kiasi gani.

Mkono usioonekana

Kompresa inafanya kazi ambayo mtu angeweza kuifanya kwa mkono kama angekuwa na kasi ya kutosha. Noti ikiwa na nguvu kupita kiasi, inashusha sauti. Noti ikiwa dhaifu, inaiacha ipite. Kisha inapandisha sauti yote kwa pamoja, na matokeo yake ni kwamba noti dhaifu na noti kali zinakaribiana.

Kila kompresa ina mpaka. Chini ya mpaka huo haigusi kitu. Juu yake inapunguza kwa kipimo fulani. Kipimo kikiwa 4 kwa 1, noti inayopita mpaka kwa desibeli 12 inatoka ikiwa imepita kwa desibeli 3 tu. Desibeli 9 zimekatwa. Kipimo kikiwa 2 kwa 1, noti ileile inatoka ikiwa imepita kwa desibeli 6, na sikio linahisi mabadiliko madogo zaidi.

Baada ya kukata, mpiga gita anarudisha sauti juu kwa kifungo kinachoandikwa « Level », « Output » au « Volume ». Hapo ndipo noti zilizokuwa dhaifu zinasikika, na noti ndefu zinaonekana kudumu zaidi. Ndiyo maana pedali nyingine zinaandikwa « Sustainer », yaani kifaa cha kurefusha noti. Lakini kompresa hairefushi kitu. Inapandisha tu mkia wa noti ambao ulikuwa unafifia.

Kwa nini sebene ni kesi ya pekee

Muziki wa Congo ulijengwa juu ya gita safi. Kabla ya umeme, Mwenda Jean Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952, alikuwa akipiga besi na sauti ya juu kwa wakati mmoja, kwa vidole tu, na kila noti ilisikika. Gita ya umeme iliposhika Kinshasa katika miaka ya 1950, Franco Luambo na Nico Kasanda, aliyeitwa Docteur Nico, waliifanya iongoze rumba. Diblo Dibala, mzaliwa wa Kisangani, alipeleka mwendo huo mbio zaidi huko Paris katika miaka ya 1980. Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliweka rumba ya Kikongomani katika orodha ya urithi wa binadamu, kwa ombi la nchi mbili za Congo.

Katika muziki huo gita haifichwi na mkwaruzo kama katika roki. Mpiga roki akitumia kompresa mbaya, mkwaruzo wa pedali nyingine unaweza kufunika kosa. Mpiga sebene hana pa kujificha. Gita ya solo, ya mi-solo na ya akompa zinapigwa pamoja, kila moja katika nafasi yake, na msikilizaji anazitofautisha kwa mgongo wa kwanza wa mediatori juu ya kamba. Mgongo huo ukifutwa, gita tatu zinageuka uji.

Kuna jambo jingine. Nyimbo ambazo vijana wanajifunzia zimepita katika studio, na studio nyingi hutumia kompresa wakati wa kurekodi au wa kuchanganya sauti. Redio nayo inakaza sauti tena kabla ya kuirusha hewani. Kwa hiyo kijana anayesikiliza wimbo kwenye simu anasikia gita ambayo imekwisha kunyooshwa mara mbili au tatu. Akichomeka gita yake nyumbani anaona inarukaruka, anadhani ana kasoro. Si lazima iwe hivyo. Analinganisha gita mbichi na gita iliyopikwa.

Hesabu ya noti moja

Vifungo viwili vinaamua kama sebene itabaki hai: « Attack » na « Release ». Si pedali zote zinavyo, na hilo lenyewe ni jambo la kuangalia kabla ya kununua.

« Attack » ni muda ambao kompresa inasubiri kabla ya kushika noti. Mgongo wa mediatori unapita haraka sana, katika milisekunde chache za kwanza. Kompresa ikishika papo hapo, inaukata mgongo huo, na noti inaanza laini kama iliyopigwa kwa pamba. Ikisubiri milisekunde 10 hadi 30, mgongo unapita wote, kisha mwili wa noti ndio unanyooshwa. Kwa sebene, huu ndio mpangilio wa kuanzia.

« Release » ni muda ambao kompresa inachukua kuiachia noti. Hapa hesabu ndogo inasaidia. Muziki ukienda kwa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo lina nusu sekunde. Mpiga solo akiweka noti 4 katika kila pigo, noti mpya inakuja kila milisekunde 125. Kompresa yenye « Release » ya nusu sekunde haitakuwa imefunguka noti ya pili inapofika, wala ya tatu, wala ya nne. Noti ya kwanza inatoka na nguvu, zinazofuata zinatoka zikiwa zimekandamizwa, na mpiga gita akitulia kidogo sauti inavimba yenyewe kama inapumua.

Lakini kufupisha kupita kiasi nako kuna gharama. Kamba nene ya gita, ile ya mi ya chini, inatetemeka karibu mara 82 kwa sekunde, maana yake kila mtetemo unachukua milisekunde 12 hivi. Kompresa inayoachia kwa haraka inayokaribia hiyo inaanza kufuata mtetemo wenyewe badala ya kufuata noti, na sauti ya chini inapata mkwaruzo. Kwa gita ya haraka, « Release » ya milisekunde 50 hadi 150 inatoa nafasi nzuri ya kutafutia.

Kifungo cha tatu kinachostahili kutafutwa kinaandikwa « Blend » au « Mix ». Kinachanganya sauti mbichi ya gita na sauti iliyokandamizwa. Kikiwa katikati, mgongo wa noti unatoka katika sauti mbichi, na mwili wa noti unatoka katika ile iliyonyooshwa. Kwa mtu anayeogopa kupoteza mguso wake, pedali yenye kifungo hiki inasamehe makosa mengi ya mipangilio.

Kelele ndiyo bei iliyofichwa

Kompresa yoyote inaongeza kelele, hata iliyo ghali. Sababu yake iko katika hesabu ya mwanzo: ukikata desibeli 9 juu kisha ukapandisha sauti yote kwa desibeli 9, mvumo uliokuwa chini nao umepanda kwa desibeli 9. Mpiga gita anapoacha kupiga, kompresa inafunguka na kuachia mvumo wote utoke.

Katika miji ya mashariki jambo hili lina uzito wake. Umeme unatoka kwa jenereta, kwa paneli za jua zenye konveta, au kwa prizi isiyo na waya wa ardhini. Gita zenye mikro za koili moja, kama zile za mtindo wa Stratocaster, zinadaka mvumo huo kwa urahisi. Gita zenye mikro za koili mbili zinaufuta sehemu kubwa. Kwa hiyo mtu mwenye gita ya koili moja anayepiga katika ukumbi wa jenereta anapaswa kutumia kompresa kidogo zaidi kuliko mwenzake, na anapaswa kuweka kimya mbele ya vitu vyote anapochagua pedali.

Nafasi ya pedali katika mnyororo nayo inachangia. Ikiwekwa mwanzoni, baada ya kifaa cha kusawazisha kamba na kabla ya pedali za mkwaruzo, za koro au za mwangwi, inapokea sauti safi kutoka kwa gita. Ikiwekwa mwishoni, inapandisha kelele za pedali zote zilizoitangulia.

Majina yaliyopo sokoni

Mafundi wanagawa kompresa kulingana na kiungo kinachoshusha sauti ndani yake. Mnunuzi hahitaji kuwa fundi, lakini kujua familia hizi kunamsaidia asidanganyike na tangazo.

Familia ya kwanza, na iliyoenea zaidi katika pedali, inatoka kwa Dyna Comp ya MXR, kampuni iliyozaliwa Rochester, Marekani, katika miaka ya 1970. Dyna Comp ya kawaida ina vifungo viwili tu, « Output » na « Sensitivity ». Ni rahisi kutumia na ina tabia yake: inakaza sana, inabana noti, na ikizidishwa inafifisha ung'avu wa juu. Wapenda kantri na fanki wanaipenda kwa tabia hiyo hiyo. Anayetafuta sauti isiyobadilika anapaswa kuisikiliza vizuri kwanza. Ndani ya familia hiyo kuna pedali zilizorekebishwa ili ziwe safi zaidi: Keeley Compressor Plus ina vifungo vya « Blend » na « Tone », Wampler Ego ina « Attack », « Blend » na « Tone », na Xotic SP ni ndogo sana lakini ina « Blend » na inaweza kupokea umeme wa volti 9 hadi 18.

Familia ya pili inatumia taa ndogo na kiungo kinachoisoma taa hiyo. Mfano wake mkubwa ni LA-2A ya Teletronix, mashine ya studio ya mwanzo wa miaka ya 1960. Kompresa za aina hii zinashika na kuachia kwa upole, na zinajulikana kwa sauti ya asili. Katika pedali, Diamond ya Canada ni mojawapo. Upole huo unafaa sana kwa akompa na kwa nyimbo za polepole za kanisani. Kwa solo ya mbio, mnunuzi ajaribu kwanza kama inaachia haraka ya kutosha.

Familia ya tatu inafuata 1176, mashine ya studio iliyotoka Marekani mwaka 1967. Sifa yake ni kasi. Cali76 ya Origin Effects, kampuni ya Uingereza, imejengwa juu ya wazo hilo na inasifiwa kwa usafi, lakini bei yake iko juu sana kwa mfuko wa kawaida.

Familia ya nne ndiyo watu wengi wanakutana nayo: Boss CS-3, iliyotoka mwaka 1986 na ambayo bado inauzwa. Ina vifungo vinne, « Level », « Tone », « Attack » na « Sustain », na sanduku lake la chuma linavumilia safari na vumbi. Haina « Blend ». « Sustain » ikipandishwa sana, mvumo unapanda nayo. Ikibaki chini ya nusu na « Attack » ikifunguliwa, inaweza kutoa sauti iliyo safi ya kutosha. Behringer CS400 ina vifungo vilevile kwa bei ndogo, lakini sanduku lake ni la plastiki. Anayebeba vyombo kwa pikipiki kila Jumapili azingatie hilo.

Pembeni ya familia hizo kuna kompresa ambazo zinampa mtu vifungo vyote mkononi. Empress Compressor ya Canada ina « Attack », « Release », « Mix », swichi ya kipimo, na taa zinazoonyesha ni kiasi gani cha sauti kinakatwa. MXR nayo inatengeneza Studio Compressor yenye « Attack », « Release » na « Ratio ». Boss CP-1X inafanya kazi kwa tarakimu: inagawa sauti ya gita katika sehemu za chini na za juu na kuzishughulikia kila moja, ili noti nene isiivute chini noti nyembamba. Nayo ina taa za kuonyesha kazi inayofanyika. Kwa mtu anayejifunza, taa hizo ni mwalimu: anaona kwa macho kile ambacho sikio bado halijazoea.

Kwa upande wa bei, katika maduka ya Marekani na Ulaya pedali rahisi kabisa inapatikana chini ya dola 50, za katikati ziko karibu na dola 100 hadi 160, na zile za juu zinapita dola 200. Hapo bado usafiri, ushuru na faida ya anayeileta. Pedali ikipita Dubai, Nairobi au Kampala kabla ya kufika Goma au Bukavu, au ikipita Zambia kabla ya kufika Lubumbashi, bei si ile ya mwanzo tena.

Volti, ncha na betri

Pedali inaweza kuharibika kwa sababu ya chaja isiyofaa. Kompresa nyingi zinahitaji volti 9 zenye ncha hasi katikati ya tundu. Chaja nyingi za vifaa vya nyumbani zina ncha chanya katikati. Zinaingia vizuri katika tundu, na hapo ndipo hatari ilipo: zinaweza kuunguza pedali papo hapo. Mchoro mdogo wenye duara, alama ya kujumlisha na ya kutoa, unachapwa kwenye chaja na kwenye pedali. Michoro hiyo miwili lazima ifanane. Volti 18 zisiingizwe kamwe katika pedali ambayo haikuandikiwa hivyo.

Anayepiga mahali ambapo umeme si wa uhakika anafaa kuuliza pia kama pedali inakubali betri. Betri nzuri ya alkalini ya volti 9 ina akiba ya karibu miliampea-saa 500. Pedali inayokula miliampea 5 inaweza kwenda karibu saa 100. Inayokula miliampea 50, kama zilivyo nyingi za tarakimu, itazima baada ya saa 10 hivi. Kuna faida nyingine: betri haina uhusiano na jenereta, kwa hiyo haileti mvumo wake. Ni vizuri tu kuchomoa kebo ya gita baada ya kupiga, kwa kuwa katika pedali nyingi kebo ikibaki ndani betri inaendelea kuliwa.

Chaja moja inayogawanyika kwa pedali nyingi inaokoa pesa, lakini pedali ya tarakimu ikiwa katika mnyororo huo inaweza kumwaga kelele zake ndani ya kompresa, nayo kompresa itazipandisha. Kama mlio mwembamba unasikika, hatua ya kwanza ni kuiwekea kompresa betri yake peke yake. Mlio ukipotea, kosa si la pedali.

Kujaribu kabla ya kutoa pesa

Mahali ambapo pedali inaweza kujaribiwa, mnunuzi aende na gita yake mwenyewe na kebo yake. Gita ya dukani haitamwambia chochote kuhusu mikro zake.

Kwanza, asawazishe sauti. Pedali ikiwashwa na ikizimwa, nguvu iwe sawa. Sikio la binadamu linapenda sauti iliyo juu zaidi, na muuzaji akipandisha « Level » kidogo tu, pedali yoyote itaonekana nzuri.

Pili, asikilize kimya. Aweke mkono juu ya kamba, gita ikiwa wazi kabisa, kisha awashe na kuzima. Mvumo unaoongezeka hapo ndio atakaoishi nao.

Tatu, apige noti moja polepole, kisha noti ileile kwa nguvu. Noti kali iendelee kusikika kuwa kali, ila isirushe sauti. Kama noti hizo mbili zimekuwa sawasawa kabisa, kipimo kimezidi, na hisia ya mkono imekufa.

Nne, apige mstari wake wa sebene kwa mbio anazotumia jukwaani. Asikilize noti ya tatu na ya nne, si ya kwanza tu. Kama zinadidimia, « Release » ni ndefu mno. Na kama pedali haina kifungo hicho, hakuna dawa.

Tano, agonge kamba nene pamoja na nyembamba. Kama nyembamba inapotea kila nene inapogongwa, pedali hiyo itamsumbua katika akompa.

Anayenunua kwa kuagiza hawezi kufanya hayo. Yeye asome kwanza maelezo ya mtengenezaji: vifungo vilivyopo, volti, miliampea. Pedali yenye « Attack » au « Blend » inampa nafasi ya kurekebisha kosa akiwa nyumbani. Pedali yenye vifungo viwili tu haimpi nafasi hiyo.

Pengine iko tayari nyumbani

Kabla ya yote, mpiga gita angalie vyombo vilivyopo. Mikseri nyingi ndogo, kama baadhi za aina ya Yamaha MG, zina kifungo cha « Comp » kwenye njia kadhaa za kuingilia. Pedali za kazi nyingi kama Zoom G1 Four zina kompresa ndani yake. Kujaribu hizo kwa majuma machache hakugharimu kitu, na kunamfundisha mtu kama anahitaji kompresa kweli au anahitaji kamba mpya, kebo nzuri, au kushusha mikro ya gita iliyo karibu mno na kamba. Kamba zilizozeeka hazilingani kwa nguvu, na hakuna pedali inayoziponya.

Aulize pia fundi wa sauti. Kama mikseri tayari inakandamiza gita, pedali ya pili itakandamiza kilichokwisha kukandamizwa, na mvumo utaongezeka mara mbili. Mmoja wao apunguze.

Kuna hali moja ambapo pedali inasaidia kwa njia ambayo wengi hawaitarajii. Katika makanisa mengi gita haina ampli, inachomekwa moja kwa moja kwenye mikseri, na inatoka ikiwa butu. Sababu ni kwamba tundu la kawaida la mikseri halikutengenezwa kwa ajili ya gita. Kompresa iliyowashwa inakaa katikati, inapokea gita inavyotakiwa na kuitoa ikiwa na nguvu inayofaa mikseri. Ung'avu unarudi, hata kabla ya vifungo kuguswa.

Kwa anayeanza, mpangilio wa kwanza ni mdogo: kipimo cha 2 kwa 1 hadi 4 kwa 1 pale ambapo kifungo kipo, « Attack » iwe ya polepole, « Blend » katikati, na « Sustain » au « Sensitivity » chini ya nusu. Kama kuna taa, zionyeshe desibeli 3 hadi 6 zinazokatwa katika noti kali, na zisiwake kabisa katika noti laini. Kisha apige wimbo mzima pamoja na kundi, si peke yake chumbani. Kompresa iliyowekwa vizuri kwa gita safi haisikiki ikifanya kazi. Inajulikana tu siku inapozimwa, waimbaji wanapogeuka kuuliza gita imekwenda wapi.